Chupa Kwanza, Logo Baadaye: Mwongozo Kamili wa Chapa na Vifungashio kwa Studio Ndogo

Mteja wa studio ndogo hapa Dar es Salaam huja na ombi ambalo halibadiliki sana: "Kaka, nina bidhaa yangu, naomba unitengenezee logo." Bidhaa yenyewe ameibeba kwenye mkoba, imo kwenye chupa ya maji iliyooshwa au kopo lililowahi kuwa la mayonezi. Jibu letu nalo halibadiliki: "Sawa dada, logo utapata. Chupa utakayouzia umeshaichagua?"

Wengi hushangaa. Wamezoea kuona kazi inaanzia kwenye alama nzuri ya kuweka kwenye fulana na kadi ya biashara, halafu lebo inatafutiwa nafasi yake baadaye. Sisi tunakwenda kinyume: bidhaa, bei na mahali pa kuuzia vinatangulia, chombo kinafuata, kisha maandishi ya lazima, jina, uso wa lebo, na mwishoni kabisa nembo. Sababu ni ya kibiashara tu. Mnunuzi wa dukani hakutani na nembo ikiwa peke yake kwenye karatasi nyeupe. Anakutana nayo ikiwa imezunguka chupa, imebanwa na chupa za wenzake, mwanga hafifu na haraka ya kurudi nyumbani.

Mfano nitakaoushikilia ni asali. Singida, Tabora na Katavi zinatoa asali nyingi, wajasiriamali wake wanafika studio kila msimu, na asali ina vituko vinavyomfundisha mbunifu upesi. Bidhaa nyingine nitazigusa pale zinapotofautiana nayo.

Hatua ya 1: Maswali kabla ya kufungua kompyuta

Kaa na mteja, mwagizie chai, muulize mambo manne: nani ananunua, ananunulia wapi, kwa bei gani, na chupa ngapi zinatoka kwa mwezi. Usikubali jibu la "kila mtu." Asali ya kuuzwa kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, na asali ya kuuzwa duka la zawadi Mji Mkongwe ni bidhaa mbili hata kama zimetoka mzinga mmoja. Kwa Mangi chupa inakaa nyuma ya kaunta, mbali na mkono wa mteja, na inaombwa kwa jina. Supamaketi mtu anaishika, anaigeuza, anasoma nyuma. Duka la watalii anafikiria kama itavuja kwenye begi.

Swali la idadi ndilo linaloamua utachapa vipi, kwa hiyo lishikilie mpaka upate namba. Mtu wa chupa 100 kwa mwezi na mtu wa chupa 5,000 hawatumii kiwanda kimoja, wala hawawezi kupewa lebo ya aina moja.

Kwenye bei, piga hesabu mbele yake: chupa, kifuniko, lebo, ukanda wa kuzibia, katoni la kusafirishia. Sisi tukiona kifungashio kinakula zaidi ya moja ya tano ya bei ya jumla, tunasimama hapo na kuzungumza kabla ya kuchora chochote. Ni kipimo chetu cha nyumbani, si sheria, lakini kimewaokoa watu na masanduku ya dhahabu yasiyolipika.

Muombe pia anunue chupa tatu nne za washindani wake, kutoka duka lile lile analotaka kuingia. Zipange mezani. Onja asali yake na zao. Mbunifu ambaye hajaonja anachora asali ya kufikirika.

Mkishaelewana, andikeni. Ukurasa mmoja unatosha: kazi gani itafanyika, marekebisho mangapi yamo ndani ya bei (sisi tunatoa raundi mbili), nusu ya malipo inatangulia, na haki za mchoro zinahamia kwa mteja lini. Hili la mwisho wengi wanaliruka kwa aibu, halafu linazua maneno siku mteja anapotaka faili apeleke kwa mchapaji mwingine.

Hatua ya 2: Chombo

Hapa ndipo asali inapoanza vituko. Mjasiriamali ananunua chupa za mililita 500 Kariakoo, anaagiza lebo zilizoandikwa "500 g", anajaza mpaka shingoni. Asali ni nzito kuliko maji: lita moja ina takriban kilo 1.4. Chupa ile ya mililita 500 imebeba gramu zipatazo 700. Kila chupa anagawa gramu 200 bure, na akijaza gramu 500 sawasawa chupa inaonekana imepunjwa, maana nafasi kubwa inabaki tupu juu. Gramu 500 za asali zinahitaji chombo cha mililita kama 360 hivi, ukiacha upenyo kidogo juu. Kwa hiyo kabla ya kukubaliana juu ya chupa, jaza, weka kwenye mizani, toa uzito wa chupa tupu, andika namba. Dakika kumi za kazi.

Asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, ni habari nyingine. Ina maji mengi zaidi, ni nyepesi, na huchachuka kwa urahisi. Ikichachuka inatoa gesi. Kifuniko kilichokazwa juu ya asali iliyojazwa hadi ukingoni kitavuja au kufyatuka kwenye joto la basi la kutoka Singida. Iachie nafasi, chagua chupa ndogo, na bei yake kubwa ndiyo inayohalalisha kioo.

Kioo au plastiki? Kioo kinapendeza, hakishiki harufu, kinainua bei machoni mwa mnunuzi. Pia ni kizito na kinavunjika, na mzalishaji wa mkoani anasafirisha kwa basi. Plastiki ya PET, ile ya chupa za maji, ni nyepesi na angavu, ila ile ya kawaida hulegea ikijazwa kitu cha moto, kwa hiyo anayepasha asali ili ichujike lazima asubiri ipoe. Kwa soko la mtaani mimi huchagua PET bila kusita. Kwa Mji Mkongwe, kioo kidogo cha gramu 250.

Bidhaa nyingine zina madai yake. Siagi ya karanga hutengana, mafuta yanapanda juu, kwa hiyo inahitaji kopo la mdomo mpana linalopitisha kijiko cha kukorogea. Chupa nyembamba ni mateso. Viungo kama manjano na pilipili hupauka kwenye mwanga, basi lile dirisha kubwa la kuonyesha bidhaa ambalo kila mtu analipenda liwe dogo au lisiwepo. Unga unaogopa unyevu: mfuko wa karatasi ya kaki bila utando wa ndani, pwani hii, ni kuwaalika wadudu na ukungu. Kahawa iliyokaangwa hutoa gesi kwa siku kadhaa, ndiyo maana mifuko yake huwekewa vali ndogo.

Mfuko wa kubebea nao uwe wa karatasi au kitambaa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na Kenya tangu Agosti 2017, lakini bado kuna wateja wanaoomba "kamfuko ka nailoni kenye logo." Mweleze kwa upole, mwonyeshe wa karatasi.

Hatua ya 3: Pima, usikadirie

Chukua kipande cha karatasi, zungushia chupa, weka alama, kata. Hiyo ndiyo lebo yako, na ni sahihi kuliko mchoro wowote wa muuza chupa. Jaribu kuikunja juu na chini: chupa nyingi zinaonekana zimenyooka kumbe zimepungua kuelekea chini, na lebo ya mstatili itajikunja pembeni. Chupa ya namna hiyo inataka lebo fupi, au iliyokatwa kwa upinde.

Sasa hesabu muhimu. Chupa ya kipenyo cha milimita 70 ina mzunguko wa milimita 220 hivi. Mtu aliyesimama mbele yake anasoma vizuri theluthi moja tu ya mzunguko huo, yaani milimita 73 za karatasi, ambazo machoni zinaonekana kama 60 kwa sababu pembeni zinapinda. Jina la bidhaa likizidi hapo, herufi za mwanzo na za mwisho zinajificha ubavuni. Kwenye skrini ya kompyuta lebo imelala bapa na kila kitu kinaonekana, ndiyo maana kosa hili lipo kila rafu unayopita. Chora mistari miwili ya wima kwenye faili lako kuonyesha mpaka wa uso, na chochote cha maana kisivuke.

Hatua ya 4: Maandishi ya lazima

Kabla ya rangi, kabla ya fonti, kusanya maandishi yote ambayo lebo haiwezi kwenda dukani bila hayo. Tanzania Bara, usimamizi wa usalama wa chakula na vipodozi ulihamia Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019, TFDA (mamlaka ya chakula na dawa) ilipobadilishwa kuwa TMDA (ya dawa na vifaa tiba). Kiwango cha Afrika Mashariki kuhusu lebo za vyakula vilivyofungashwa ni EAS 38, na cha asali yenyewe ni EAS 36. Mbunifu ajipatie na kusoma. Asimwachie mteja, kwa sababu lebo ikikataliwa atarudi kwako.

Kwa ufupi, lebo ya chakula inataka jina la chakula, orodha ya viambato kuanzia kilicho kingi kwa uzito, uzito halisi, jina na anwani ya mzalishaji, nchi ilikotoka, namba ya toleo (yaani ya fungu la bidhaa lililotengenezwa pamoja), tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na maelekezo ya kuhifadhi na kutumia. Vitu vinavyodhuru baadhi ya watu, kama karanga, soya, maziwa, mayai, samaki na ngano, vitajwe waziwazi. Mwenye kiwanda kimoja anachokaangia karanga na kusagia unga wa lishe asidhani hili halimhusu.

Asali pekee haina haja ya orodha ndefu. Ina haja ya mambo mawili ambayo mzalishaji husahau. La kwanza ni tahadhari kwamba haifai kwa mtoto chini ya mwaka mmoja. La pili ni sentensi ya kumtuliza mnunuzi: "Asali halisi huweza kuganda. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu itayeyuka." Mnunuzi wa mjini akiona asali imeganda anaamini moja kwa moja kwamba ni sukari. Atarudisha chupa, au mbaya zaidi, hatarudisha ila atasimulia. Sentensi hiyo ina thamani kuliko picha ya nyuki.

Halafu kuna mazungumzo magumu. Mteja atakuletea karatasi iliyoandikwa: "Inatibu vidonda vya tumbo, kisukari, presha, nguvu za kiume." Katika viwango vya chakula, dai la kwamba chakula kinatibu au kuzuia ugonjwa haliruhusiwi kwenye lebo. Atasema, "Lakini kaka, wenzangu wote wameandika." Mwambie wenzake wanasubiri mkaguzi, na kwamba nafasi ile inaweza kubeba kitu kinachouza zaidi: asali imetoka msitu gani, imerinwa lini, nyuki walikuwa kwenye maua gani. Hayo hakuna atakayemkataza, alimradi ni kweli.

Alama ya ubora ya TBS huwekwa baada ya kupata leseni yake, si kabla, na mbunifu anayeiweka "kwa muda" anamtia mteja hatiani. Mjasiriamali mdogo aanzie SIDO, shirika la viwanda vidogo, ambalo humtambulisha TBS. Wewe tenga nafasi tupu ya alama hiyo kwenye mpangilio, ili siku ikija usibomoe lebo nzima.

Bakodi

Bakodi, ile mistari ambayo mashine ya dukani huisoma, hutolewa na GS1 Tanzania, na namba zake huanza na 620. Za Kenya huanza na 616. Tarakimu hizo zinaonyesha ofisi iliyosajili tu. Kwa kawaida bakodi ya tarakimu 13 ina upana wa milimita 37.29 na kimo cha 25.93, ikihesabiwa pamoja na nafasi nyeupe za pembeni. Unaweza kuipunguza hadi asilimia 80, basi. Nafasi zile nyeupe usiziguse: mashine inazitumia kujua msimbo unaanzia na kuishia wapi, na wabunifu wanaopenda kubana vitu ndizo wanazokata kwanza.

Mistari iwe nyeusi, au bluu iliyoiva, juu ya nyeupe. Usichape mistari myekundu, ya chungwa wala kahawia yenye wekundu. Mashine nyingi za dukani husoma kwa mwanga mwekundu, na mbele ya mwanga huo mstari mwekundu unatoweka. Kwenye chupa nyembamba igeuze bakodi, mistari ikae kama vidato vya ngazi, ili mpindo wa chupa usiibanie. Kisha ijaribu kwa mashine halisi ya dukani. Programu za simu husamehe mengi ambayo mashine ya kaunta haisamehi.

Hatua ya 5: Jina

Jina litamkike, liandikike, liagizike kwa simu. Mpigie mtu ambaye halijui, mtajie mara moja, mwambie aliandike na kukutumia. Akilikosea herufi, mnunuzi naye atalikosea akilitafuta.

Epuka jina linaloeleza bidhaa tu. "Asali Bora", "Asali Asilia", "Asali Tamu" ni maneno ambayo kila muuza asali ana haki ya kuyatumia, kwa hiyo kuyamiliki kisheria ni kugonga mwamba, na rafuni yanafanana kama mapacha. Jina la kijiji, la mti, la mama mzaa chema, la msimu, au neno la kilugha lenye sauti nzuri litakupeleka mbali zaidi. Ila hakikisha neno la kilugha halina maana ya aibu kwa majirani.

Tanzania Bara alama ya biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na ulinzi wa kwanza ni miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Zanzibar ina usajili wake, kupitia wakala wake uitwao BPRA, kwa hiyo anayeuza pande zote mbili asajili kote. Kusajili jina la biashara si sawa na kusajili alama ya biashara. Wateja huchanganya haya mawili na hugundua tofauti wakati mtu mwingine ameshatokea na jina lao. Maombi hufanywa kwa madaraja ya bidhaa: asali, viungo, kahawa na unga vimo daraja la 30, siagi ya karanga daraja la 29, sabuni daraja la 3. Anayepanga kuuza nta ya midomo kesho aseme leo, kwa sababu hilo si daraja la asali.

Fanya utafutaji wa jina BRELA kabla hujachora hata herufi moja.

Hatua ya 6: Uso wa lebo

Sasa kompyuta inafunguliwa. Unazo milimita 73 za upana wa karatasi, jina, aina ya bidhaa, uzito na nafasi ya TBS. Uso wa lebo ujibu maswali manne kwa mpangilio ambao macho yanaufuata: hiki ni nini, ni cha nani, ni cha aina gani, ni kiasi gani.

Chapa changa hukosea kwa kuweka "cha nani" kikubwa kuliko "ni nini." Kampuni inayojulikana nchi nzima inaweza kuandika jina lake tu na kila mtu akajua kilichomo. Mjasiriamali wa Manyoni hajafika huko. Kwenye lebo yake neno ASALI liwe kubwa, au angalau lilingane na jina. Na liwe la Kiswahili. Lebo iliyoandikwa "Pure Natural Organic Honey" kwa mnunuzi wa Mbagala inamjulisha kwamba hakufikiriwa yeye. Neno "organic" lenyewe lisitumike kama pambo: ni dai linalohitaji cheti. Kwa soko la watalii weka lugha zote mbili, moja ikitangulia waziwazi. Zikipewa ukubwa sawa hakuna inayosomeka.

Zitazame tena zile chupa za washindani mezani. Rangi ya njano, masega ya pembe sita, nyuki anayetabasamu, tone linalodondoka. Zote. Chupa yenyewe ina rangi ya asali tayari, kwa nini uipake tena? Lebo ya bluu iliyoiva au ya kijani kizito juu ya asali ya kahawia inajitokeza kutoka upande wa pili wa duka. Hii si kanuni ya rangi. Ni matokeo ya kupanga chupa mezani na kuona nafasi gani imeachwa wazi. Kwa viungo, nafasi iliyo wazi inaweza kuwa nyeupe.

Picha: asiyeweza kulipa mchoraji atumie herufi. Mchoro uliopakuliwa intaneti unaonekana umepakuliwa, na leseni yake pengine hairuhusu biashara. Mti wa mbuyu, tembo na Kilimanjaro waachie wale ambao wana hoja navyo.

Maandishi madogo ya nyuma sisi hatuyashushi chini ya pointi 6, na huyachapa kwa nyeusi peke yake. Andishi dogo lililochanganywa kwa zile rangi nne za wino wa uchapaji linapata kivuli mashine ikiteleza kidogo tu. Andishi jeupe jembamba juu ya rangi iliyoiva linazibwa na wino.

Hatua ya 7: Nembo

Kufikia hapa nembo imeshajitengeneza nusu. Jina lina mtindo wa herufi, lina ukubwa, lina mahali pake. Mara nyingi kilichobaki ni kulisafisha: kurekebisha nafasi kati ya herufi, kubadilisha herufi moja iwe na tabia yake, kuhakikisha linasomeka likiwa na upana wa milimita 15 kwenye kifuniko.

Mteja anaweza kulalamika kwamba hakuna "alama." Mimi humkumbusha kanga. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, ya tangu mwaka 1887, imetambulika na wanunuzi wa pwani nzima kwa maandishi madogo "K.H.E. Mali ya Abdulla" kwenye ukingo wa kitambaa. Hakuna simba wala nyota. Ni maneno yale yale, mahali pale pale, doti baada ya doti, na bibi huyatazama hayo kwanza kabla ya kununua.

Mpe mteja nembo kwa matoleo machache tu: ya rangi, nyeusi tupu, nyeupe tupu, na ndogo ya mviringo kwa ajili ya WhatsApp na Instagram. Kitabu cha kanuni za chapa cha kurasa arobaini hatakisoma. Ukurasa mmoja wenye namba za rangi, majina ya fonti na picha mbili za "usifanye hivi" ataubandika ukutani.

Hatua ya 8: Ipeleke dukani

Chapa lebo kwa printa ya ofisi, kata kwa mkasi, bandika kwenye chupa iliyojazwa. Muombe Mangi aiweke kwenye rafu kati ya nyingine, kisha rudi nyuma hatua nne. Unaona nini kwanza? Muulize Mangi mwenyewe. Anajua watu wanaomba nini na wanachanganya nini, na atakuambia bila kukubembeleza. Piga picha kwa simu, itume kwenye kundi la familia bila maelezo, uone kama kuna atakayeuliza "hii ni nini?" Wakiuliza bei, umefaulu.

Jaribio jingine hufanyika jikoni. Dondosha asali kwenye lebo, ifute kwa kitambaa kibichi. Iweke kwenye friji usiku kucha, itoe, iache itoke jasho. Lebo ya karatasi isiyo na utando itavimba na kubaki na doa. Kwa asali, mafuta na siagi ya karanga tumia stika ya plastiki au karatasi iliyolaminiwa. Hili ukilijua baada ya kuchapa lebo 3,000, umechelewa.

Hatua ya 9: Kwa mchapaji

Njia zenyewe ni chache. Uchapaji wa kidijitali hauhitaji bamba (bati la kuchapia), unafaa kwa mamia ya lebo, na bei ya kila moja haishuki sana ukiongeza idadi. Ofseti inahitaji bamba kwa kila rangi. Gharama za kuandaa ni zile zile uchape 200 au 5,000, kwa hiyo inalipa kwenye maelfu. Mifuko ya plastiki ya kufungashia iliyochapwa moja kwa moja kwa kawaida huhitaji silinda za kuchongwa, moja kwa kila rangi, na kiwanda hakianzi kazi kwa oda ndogo. Mjasiriamali anayeanza anunue mifuko isiyochapwa na kubandika stika nzuri.

Tembelea mchapaji kabla ya kutuma faili. Muulize mashine yake, karatasi aliyonayo, na anataka faili la namna gani. Kisha mpe: rangi nne za uchapaji badala ya rangi za skrini, picha za nukta 300 kwa inchi, milimita 3 za ziada kila upande wa mstari wa kukatia, na maandishi yaliyogeuzwa kuwa michoro ili fonti isibadilike kwenye kompyuta yake. Mstari wa kukatia ukae kwenye tabaka lake, usije ukachapwa.

Mwandae mteja kwa rangi. Kijani kinachong'aa kwenye simu na chungwa kali vitafifia kwenye karatasi. Karatasi ya kaki hunywa wino na kuutia giza. Dhahabu haitoki kwa rangi nne. Inatoka kama haradali. Anayeitaka kweli alipie foili, utando mwembamba unaong'aa. Ikiwa rangi fulani ndiyo sura ya chapa, iagize kwa namba ya Pantone, orodha ya rangi ambayo wachapaji huifuata, na ulipie wino wake maalumu.

Omba prufu, yaani nakala ya majaribio, kwenye karatasi ile ile itakayotumika, itazame nje kwenye mwanga wa jua, na mteja asaini. Soma namba ya simu kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu. Soma uzito. Soma neno "viambato." Mtu mwingine asome tena kuanzia chini kwenda juu.

Siku mashine inapowashwa, uwepo. Mashine ikiwa imewaka, wino unaongezwa au kupunguzwa kwa dakika chache. Kesho yake unabaki na makatoni.

Hatua ya 10: Toleo la pili na bidhaa ya pili

Tarehe na namba ya toleo usizichape na lebo. Acha kisanduku cheupe kisicho na utando unaong'aa, ili muhuri wa mkono ushike bila kufutika. Anayechapa tarehe kwenye lebo 5,000 anajilazimisha kuuza zote kabla ya mwezi fulani, au kubandika stika juu ya stika, jambo linalomtia mnunuzi wasiwasi kuliko tarehe yenyewe.

Panga familia tangu mwanzo hata kama bidhaa ni moja. Amua ni kitu gani kitabaki pale pale daima (kwa kawaida jina na mpangilio) na ni kipi kitabadilika (rangi ya ukanda, neno la aina). Hivyo asali ya nyuki wadogo ikija, au chupa ya kilo moja, kazi ni ya siku moja na si mradi mpya. Kwa ukubwa tofauti usipunguze lebo kwa asilimia tu: maandishi ya lazima hayapungui chini ya kipimo chake, bakodi ni nyingine kwa kila uzito, na hesabu ya theluthi ya mzunguko inaanza upya.

Faili la mwisho lipe jina lenye bidhaa, uzito, tarehe na toleo, liweke sehemu mbili, na mpe mteja nakala. Pamoja nalo andika aina ya karatasi, jina la mchapaji, namba za rangi, na ubandike lebo moja halisi iliyochapwa. Toleo la pili likichapwa miezi sita baadaye kwa mchapaji mwingine, lebo hiyo ndiyo atakayolinganishia rangi, si faili.